Jinsi ya kupiga bajeti ya safari ndefu kwa boti yako ya matanga

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu anauliza akianza kuota safari ya baharini kwa boti yake mwenyewe ni "kwa mwezi inakula hela ngapi?", na majibu anayopewa huwa hayamsaidii kwa sababu mmoja atamwambia dola 1,000 zinatosha, mwingine atamwambia hata 5,000 hazitoshi, na wote wawili hawajadanganya. Unaweza kukuta boti mbili zimetia nanga ghuba moja, zote zina watu wawili ndani, na moja inatumia mara tatu ya mwenzake. Tofauti haiko kwenye chakula. Iko kwenye ukubwa wa boti, haraka ya ratiba, na usiku ngapi wanalala wamefunga kamba gatini badala ya kulala kwenye nanga yao wenyewe. Ukizishika hizo tatu, yaliyobaki ni marekebisho tu. Kwa hiyo mwongozo huu hautakupa namba ya mwezi, utakupa njia ya kuitafuta namba yako.

Hatua ya 1: Gawa hela mafungu matatu kabla hujaenda kuangalia boti yoyote

Fungu la kwanza ni la kununua boti na kuiandaa. La pili ni la kuishi na kusafiri. La tatu ni akiba ambayo haiguswi mpaka kitu kikubwa kivunjike au mtu aumwe. Yaandike kwenye karatasi tofauti au akaunti tofauti kabisa, kwa sababu yakikaa pamoja fungu la kwanza litayala mengine mawili huku unaangalia.

Hapa ndo wengi wanapotelea. Mtu ana dola 80,000, anaona boti nzuri ya 70,000, anasema si hizo hapo, nabaki na 10,000 za kuanzia safari. Hiyo boti bado haijaondoka. Boti iliyokuwa inatumika wikiendi tu, hata kama inang'aa, haijajiandaa kukaa baharini miezi: itataka nanga kubwa zaidi na mnyororo mrefu, sola, betri za kutosha, autopailoti ya kuaminika (mashine inayoshika usukani yenyewe) au ule usukani unaoendeshwa na upepo, rafti ya kujiokolea, redio, na pengine matanga mapya. Ukiniuliza mimi, mwenye 80,000 atafute boti ya 40,000, atenge kama 15,000 za maandalizi, na 25,000 zilizobaki ziwe za maisha na akiba. Najua inauma kuangalia boti ndogo wakati uwezo wa kununua kubwa upo, lakini unanunua muda wa kusafiri, hununui meta.

Na kabla ya kulipa, mlipe mkaguzi wa boti asiyelipwa na muuzaji. Mwambie aikague ikiwa imepandishwa nchi kavu, sio ikiwa majini tu. Ile ada utairudisha siku hiyohiyo ukianza kupatana bei na ripoti iko mkononi, alafu kampuni za bima nyingi zitaitaka hiyo ripoti hata hivyo, hasa boti ikiwa na umri.

Hatua ya 2: Elewa urefu wa boti unavyokula hela

Watu wanadhani boti ya meta 12 ni ghali kuliko ya meta 10 kwa asilimia 20, kwa vile imezidi kwa asilimia 20. Sio hivyo. Boti zikiwa na umbo lilelile, eneo la matanga linapanda kwa mraba na uzito unapanda kwa mchemraba. Piga hesabu: 1.2 mara 1.2 ni 1.44, yani tanga linakuwa kubwa kwa asilimia 44. Zidisha tena kwa 1.2 unapata 1.73, yani uzito umeongezeka karibu robo tatu. Uzito huo ndo unaoamua unene wa mnyororo, ukubwa wa winchi, unene wa nyaya zinazoshika mlingoti na nguvu za injini. Kila kitu utakachonunua kuanzia hapo, mpaka kamba, kinapanda saizi.

Marina, yani bandari ndogo za kulaza boti, nazo zinatoza kwa urefu, na katamarani, yani boti yenye miili miwili iliyounganishwa, kwa kuwa ni pana inatozwa sehemu nyingi mara moja na nusu au hata mara mbili ya boti ya kawaida ya mwili mmoja. Sisemi usichukue katamarani, ina raha yake, haikulazi upande, ina baraza la kukalia. Ila ukipiga bajeti ya katamarani kwa kusoma matumizi ya mtu mwenye boti ya kawaida, umejidanganya mwenyewe.

Kwa upande mwingine kuna mfano wa Lin na Larry Pardey, mke na mume mabaharia, ambao waliizunguka dunia kwa Seraffyn, boti ya futi 24 waliyoijenga wenyewe na kuishusha majini mwaka 1968. Haikuwa na injini kabisa. Hakuna dizeli, hakuna filta, hakuna fundi. Sio kila mtu ataweza kuishi hivyo na mimi nisingemshauri mtu anayeanza aondoke bila injini, lakini inaonyesha kwamba kila mashine unayoipandisha botini ni mshahara utakaoulipa kila mwaka. Kabla hujafunga friji ya pili au mashine ya kufulia jiulize hilo.

Hatua ya 3: Chora njia kwanza, alafu weka gharama kwenye ramani

Bajeti ya safari ndefu haiendi sawasawa mwezi hadi mwezi. Kuna miezi utaishi kwa hela kidogo sana uko visiwani hakuna hata duka, kuna mwezi mmoja utatoa hela za miezi minne. Hiyo miezi mikubwa karibu yote inajulikana mapema, kwa sababu inafuata majira na mipaka. Chukua kalenda na uandike.

Ukiwa Atlantiki, msimu wa tufani unahesabiwa kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba. Wanaotoka Visiwa vya Kanari kwenda Karibiani huondoka mwisho wa Novemba au Desemba, wanavuka kama maili 2,700 za baharini, na boti inayotembea wastani wa noti 5.5 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) inafika kwa siku 20 au 21 hivi. Pasifiki ya Kusini majira mabaya ni Novemba mpaka Aprili, na kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni karibu miezi hiyohiyo. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba kila mwaka kuna miezi kama sita ambayo lazima ujue boti itakuwa wapi: aidha umehama ukanda, aidha umeipandisha nchi kavu kwenye yadi, na yadi inataka malipo ya winchi ya kupandisha, ya kuikalisha, ya kuifunga chini kwa mikanda, na ya kuishusha. Wengi hutumia miezi hiyo kurudi nyumbani kwa ndege. Tiketi nayo iandike hapohapo.

Panama ni mfano mzuri wa gharama inayomshangaza asiyesoma. Ada ya kupita kwenye mfereji inategemea urefu wa boti, lakini juu yake unahitaji washika kamba wanne mbali na nahodha, kamba nne za angalau futi 125 kila moja, maboya ya kukinga ubavu, na yule mshauri wa mamlaka ya mfereji anayepanda na nyinyi lazima alishwe. Washika kamba unaweza kuwalipa au ukasaidiana na mabaharia wenzako: we unawashikia wao leo, wao wanakushikia keshokutwa, na nauli ya basi ya kurudi kule ulikoacha boti yako ndo gharama pekee. Kamba nazo zinakodishwa. Kinachosahaulika ni foleni. Siku za kusubiri zamu zinaweza kuwa nyingi, na mara nyingi unasubiria mahali pa kulipia.

Ukitoka hapo kwenda visiwa vya Galapagos kuna wakala wa lazima, vibali, na wanakagua chini ya boti, wakikuta imeota viumbe wanaweza kukurudisha nje baharini ukaisafishe. Ndo maana wapo wanaopitiliza moja kwa moja mpaka visiwa vya Marquesas, Pasifiki ya Kusini. New Zealand nayo tangu Mei 2018 inataka boti zinazoingia ziwe safi chini, na kwa anayekaa muda mrefu njia mojawapo ya kukidhi ni kusafisha ndani ya siku 30 kabla ya kufika na kutunza ushahidi wa picha na risiti. Kwa hiyo panga mwaka wa kupaka rangi uangukie kabla ya huko, usije ukalipa mara mbili.

Ulaya adui ni kalenda. Asiye raia wa huko kwenye eneo la Schengen, yani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, wakati boti yenyewe, kama mwenyewe haishi Umoja wa Ulaya na imesajiliwa nje, inaruhusiwa miezi 18 bila kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani. Ona mkanganyiko ulivyo: boti inaweza kukaa, wewe ndo unafukuzwa. Mabaharia walikuwa wanakimbilia Kroatia kumalizia siku zao, ila Kroatia imeingia Schengen 1 Januari 2023, na bado kuna miongozo ya zamani inayozunguka ikikutuma huko. Siku hizi watu huenda Montenegro, Albania, Uturuki, Tunisia au Moroko. Kila kutoka na kuingia kuna ada, na mara nyingine kuna wakala.

Njia ya Bahari ya Shamu kwenda mfereji wa Suez, ambako ada inakokotolewa kwa tani za boti kwa kipimo chao cha mfereji, imekuwa ngumu tangu mashambulizi dhidi ya meli yalipoanza mwishoni mwa 2023. Kama mpango wako wa zamani ulikuwa kupita huko, zungumza na mtu wa bima kabla hujaandika hata senti moja, maana kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni safari nyingine kabisa na ni bajeti nyingine, na kuipandisha boti juu ya meli ya mizigo ni gharama ya kutoa macho.

Hatua ya 4: Geuza vitu vikubwa viwe mshahara wa mwezi

Hapa usikimbie, kaa na kikokotoo. Watu wengi wanaambiwa kanuni ya "asilimia 10 ya thamani ya boti kila mwaka kwa matengenezo". Sio mbaya kwa kuanzia ila ina kasoro: boti kuukuu uliyoipata kwa bei ya kutupa haitengenezwi kwa bei ya kutupa. Nyaya za mlingoti hazijui ulinunua boti kwa shilingi ngapi. Njia ya uhakika zaidi ni kuorodhesha kila kitu kinachochakaa, bei ya kukibadilisha leo, na miaka kitakayodumu, alafu gawanya.

Tufanye mfano wa boti ya meta 11. Namba ni za kuonyesha hesabu tu, zako uzitafute mwenyewe kwa kuomba bei. Matanga dola 6,000, tuseme yanadumu miaka 10: 600 kwa mwaka. Nyaya za mlingoti 4,800 kwa miaka 12: 400. Betri 1,500 kwa miaka 5: 300. Kupandisha boti na kupaka rangi ya kuzuia viumbe 1,800 kila baada ya miaka miwili: 900. Kuhudumia rafti ya kujiokolea 900 kila miaka mitatu: 300. Injini, kuikarabati au kuibadilisha, 6,000 kwa miaka 15: 400. Boti ndogo ya mpira ya kuendea ufukweni pamoja na injini yake 4,200 kwa miaka 7: 600. Jumla 3,500 kwa mwaka, gawa kwa 12, ni kama dola 290 kila mwezi. Mwezi ambao haujavunjika kitu chochote, hizo 290 umeshazitumia, ila bado hujaletewa bili.

Zihamishe kweli. Zitoe kwenye fungu la kuishi zipeleke kwenye akaunti ya boti kila tarehe moja, usiziache zikae tu kwenye jedwali.

Alafu chunguza kila kitu kiko wapi kwenye umri wake sasa hivi. Kama nyaya zina miaka 11, hulipi 400 kwa mwaka, unalipa 4,800 mwakani, na kampuni nyingi za bima zitakuuliza zina umri gani kabla ya kukuruhusu kuvuka bahari. Utauona mwisho wa waya ukianza kufa ukiangalia pale unapoingia kwenye kikombe chake cha chuma: uzi mmoja umechomoka kama unywele mgumu, au kutu ya kahawia inatiririka kutoka ndani. Pitisha kitambaa, kikinasa ujue uzi mmoja umekatika, na ukikatika mmoja wenzake wamebeba mzigo wake tayari. Pita na tochi na kitambaa kwenye kila waya kabla hujakubaliana bei na muuzaji.

Usisahau vidogo vyenye tarehe. Betri ya EPIRB, kile kifaa kinachotuma mawimbi ya 406 MHz kuomba msaada, inaisha muda baada ya miaka kati ya 5 na 10 kutegemea aina. Fataki za kuomba msaada zinaisha. Kifaa cha kuachia rafti yenyewe boti ikizama, ile aina ya kawaida, kinabadilishwa kila miaka miwili. Mitungi ya kuzimia moto. Hivi vikikutana mwaka mmoja vinaweza kukupotezea bajeti ya mwezi mzima, kwa hiyo vipange vipishane.

Na ongeza mstari mmoja unaoitwa "vitu vya kijinga": pampu ya maji, impela (gurudumu dogo la mpira ndani ya pampu), filta, bomba la choo, taa, gundi, skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kimoja kimoja havina maana. Vikiwa pamoja ndo vinavyowafanya watu waseme hawajui hela ilikokwenda.

Hatua ya 5: Matumizi ya kila mwezi, na vita ya gati dhidi ya nanga

Chakula ndo sehemu rahisi kuliko zote kwa hiyo nitaipita haraka. Utakula botini kama unavyokula nyumbani, ongeza kidogo kwa sababu visiwani vitu vilivyosafirishwa ni ghali, na nunua kwa wingi mahali pakubwa kabla ya kwenda padogo. Ukila mgahawani kila ukitia nanga, hiyo ni starehe yako, iandike kwa jina lake.

Dizeli nayo watu wanaiogopa bure. Boti ya meta 11 yenye injini ya kawaida inakula kama lita 3 kwa saa ikienda noti 5. Tanki la lita 200 ni saa 66 hivi, yani kama maili 330. Linganisha na maili 2,700 za kuvuka Atlantiki, utaona huwezi kuvuka kwa injini hata ukitaka, upepo ndo utakuvusha. Dizeli inapanda kwa mtu mwenye haraka. Upepo umekufa, ye ana mgeni wa kumpokea Jumamosi, anawasha injini siku mbili mfululizo. Mwenye nafasi anasubiri upepo bure. Haraka inakupeleka pia kwenye gati la gharama kwa kuwa ndo lililo karibu, inakuitia fundi wa bei mbaya kwa kuwa huwezi kusubiri wa bei nzuri, na inakuletea spea kwa ndege. Ukitaka kupunguza bajeti bila kupunguza raha hata kidogo, punguza idadi ya nchi.

Maji: weka kiwango cha chini kabisa cha lita 4 mpaka 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupikia. Watu wawili kwa siku 25 ni lita 200 mpaka 250, na hapo hamjaoga. Mashine ya kuchuja maji ya bahari inakutoa kwenye tatizo hilo ila ni ghali, inakula umeme, na utando wake ukikauka au ukipitishwa maji yenye oili unakufa. Kwa watu wawili wanaozunguka sehemu zenye maji ya kununua mimi naiona anasa. Kwa familia inayokwenda visiwa vya mbali sio anasa.

Sasa gati. Hapa ndo bajeti nyingi zinavunjikia mgongo. Piga hesabu yako hivi: tafuta bei ya usiku mmoja kwenye marina za njia yako, zidisha kwa 30, uione hiyo namba. Alafu fikiria usiku wa nanga, ambao sehemu nyingi duniani ni bure, au unalipia boya kidogo. Mtu anayelala gatini usiku 20 kwa mwezi na anayelala usiku 3 hawana bajeti inayofanana hata wakila sahani moja.

Ila huwezi kusema tu "nitalala kwenye nanga". Lazima ununue uwezo wa kulala kwenye nanga. Nanga yenyewe iwe saizi moja juu ya ile inayosemwa na kitabu, mnyororo wa kutosha kulaza mara tano ya kina (kina cha meta 8 ongeza na urefu wa omo (pua ya boti) kutoka majini, zidisha kwa 5, unafika meta 45 hivi, na upepo ukizidi unaachia zaidi), winchi ya nanga inayofanya kazi, sola za kuhimili matumizi yako bila kuwasha injini, na boti ndogo ya mpira ambayo injini yake inawaka asubuhi bila kugombana. Mtu ambaye nanga yake inaburuta usiku hapati usingizi, na mtu asiyelala anakwenda marina, na akishaizoea marina hatoki. Kwa hiyo hela uliyoiweka kwenye mnyororo inarudi ndani ya miezi michache.

Intaneti ya setilaiti siku hizi imekuwa bili ya kawaida ya mwezi, iweke. Kama unafanya kazi kwa mtandao ni chombo cha kazi, kama hufanyi basi laini za simu za kila nchi zinatosha sehemu za pwani.

Hatua ya 6: Bima, soma yaliyoandikwa kwa herufi ndogo

Usiulize tu "ni kiasi gani kwa mwaka". Uliza: mnanifunika maji ya wapi, miezi gani natakiwa niwe nje ya ukanda wa tufani na ukanda unaanzia latitudo ipi, nyinyi mnataka watu wangapi wa kuvuka bahari (kampuni nyingine zinakataa wawili kwa mara ya kwanza, maana yake utabeba na kumlisha mtu wa tatu), na nikipigwa na tufani yenye jina (iliyopewa jina rasmi na watabiri wa hali ya hewa) najilipia kiasi gani kabla hamjalipa. Hiyo sehemu ya mwisho mara nyingi ni kubwa kuliko ya ajali ya kawaida na inabidi ikae kwenye akiba yako.

Kukimbilia kusini sio dawa ya uhakika. Kisiwa cha Grenada, kusini mwa Karibiani, kilikuwa kinaonekana kiko salama mpaka tufani Ivan ilipopita mwaka 2004, na Julai 2024 tufani Beryl ikakipiga Carriacou, kisiwa jirani cha nchi hiyohiyo, sehemu ambayo boti nyingi zilikuwa zimejificha. Watu wenye boti ndogo za bei nafuu mara nyingi huchagua bima ya kulipa hasara za wengine tu na kujibebea hasara ya boti yao. Ni uamuzi halali kama ukiipoteza hiyo boti kesho utaweza kuendelea na maisha. Kama boti ndo nyumba na ndo akiba yote, usicheze huo mchezo.

Bima ya afya ni kitabu kingine, iwe na kipengele cha kukusafirisha mpaka hospitali inayoeleweka. Meno fanya yote kabla ya kuondoka.

Hatua ya 7: Karatasi, mihuri na makato ya benki

Kila nchi ina uhamiaji, forodha, afya, na mara nyingine bandari, na kila ofisi inaweza kuwa na ada yake. Kuingia siku ya mapumziko au baada ya saa za kazi kuna nyongeza, kwa hiyo ukikaribia Jumamosi jioni, pengine ni bora ukapunguza matanga na kufika Jumatatu. Nakala za usajili wa boti beba nyingi.

Kuna jambo moja linaokoa hela nyingi na watu hawalitumii: nchi nyingi zinaruhusu spea za boti ya kigeni iliyo safarini ziingie bila ushuru. Lakini ni kwa makaratasi. Muuzaji aandike juu ya boksi na kwenye ankara jina la boti na kwamba ipo safarini, na wewe uende na karatasi zako za kuingilia nchi. Bila hivyo pampu inaweza kukugharimu ushuru unaokaribia bei yake.

Kadi za benki zinakata asilimia 1 mpaka 3 kwa matumizi ya nje, na mashine za kutolea pesa zina ada juu yake. Kwa mwaka mzima hiyo ni hela ya kununua kitu. Beba kadi mbili za benki tofauti, kadi ikimezwa na mashine kisiwani kuisubiri nyingine ni wiki kadhaa.

Hatua ya 8: Ishi bajeti yako kabla hujaondoka

Mipango sio matumizi, kila mtu anajua. Kwa hiyo hamia botini miezi mitatu ukiwa bado karibu na nyumbani, laleni kwenye nanga, na andikeni kila kinachotoka, hata betri za tochi. Mafungu machache tu yanatosha: boti, chakula, gati, mafuta, karatasi, mengineyo. "Mengineyo" ikizidi sehemu ya kumi ya jumla ujue kuna fungu unalificha. Kama mko wawili, kila mmoja aandike chake na mlinganishe mwisho wa wiki, hapo ndo mtajua mapema kama mmoja anaota marina na mwingine anaota ghuba isiyo na mtu, na hayo mazungumzo ni nafuu yakifanyika kabla ya kuuza nyumba.

Chukua wastani wa hiyo miezi, ongeza ule mshahara wa boti wa hatua ya nne, ongeza bima iliyogawanywa kwa 12, ongeza gharama za njia ulizoandika kwenye kalenda zikiwa zimegawanywa kwa miezi ya safari, alafu juu ya yote weka asilimia 20. Hiyo ndo namba yako. Gawa fungu la pili kwa namba hiyo utapata miezi mingapi unaweza kukaa baharini bila kuingiza kitu.

Hatua ya 9: Kuingiza hela njiani, na kurudi

Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, hakuondoka na utajiri. Aliokota mapipa ya mafuta ya mnyama yaliyosukumwa ufukweni na meli iliyovunjika huko Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika, akayajaza kwenye boti yake Spray, akayauza mbele ya safari, na bandarini alikuwa akitoa mihadhara ya kulipiwa. Siku hizi wanaofanikiwa ni wenye ufundi unaohitajika na boti nyingine: kushona matanga, umeme, friji, injini ya dizeli, kuchomelea. Kumbuka tu kwamba viza ya mtalii kwa kawaida hairuhusu kazi ya kulipwa nchini humo. Kama kipato chako ni cha kazi ya mtandaoni au kodi ya nyumba, kihesabu kwa robo tatu tu, maana mpangaji anahama na mteja anachelewa.

Na upande wa nyumbani kuna vitu vinaendelea kukula hata ukiwa katikati ya bahari: stoo ya mizigo, kodi, ada za watoto, mzazi anayehitaji kutumiwa. Weka na tiketi ya ndege ya dharura kwa kila mtu aliye botini, ndani ya lile fungu la tatu.

Mwisho wa jedwali andika kuuza boti. Itauzwa kwa bei ya chini ya uliyonunulia, hela ya sola na autopailoti haitarudi yote, dalali atachukua kamisheni yake, na kuna uwezekano itakaa miezi ikisubiri mnunuzi huku inalipiwa gati na bima. Weka miezi sita ya hizo bili, pamoja na hela ya kuanzia maisha nchi kavu: kodi ya nyumba ya kuanzia, vyombo, na usafiri wa kukupeleka kazini.